Picha ya MRI inasema diski imetuna. Je, lazima kisu?

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja: kiuno kisichopoa. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu, kwa sababu majibu ya nyingine yanaiegemea. Kiuno kikiuma zaidi ya miezi mitatu tunakiita sugu, na hicho ndicho kinachozungumzwa hapa, si kile kilichokaza jana baada ya kubeba gunia.

Habari za kazi. Mimi ni dereva wa lori, umri miaka 41, njia yangu ni Dar es Salaam hadi Tunduma. Kiuno kinaniuma mwaka wa tatu sasa. Maumivu yanashuka hadi tako la kulia ila hayafiki mguuni. Nimepiga MRI, karatasi inasema diski ya kati ya pingili L4 na L5 imechakaa na imetuna. Nimeambiwa nijiandae kufungwa skrubu. Kisu nakiogopa, na gari ndiyo ugali wangu. Kuna njia nyingine?
*Dereva, Mbeya*

Ipo, kaka, na kwa maelezo yako ndiyo ya kuanza nayo.

Kwanza karatasi. Diski ni mto laini ulio kati ya pingili mbili za uti wa mgongo, na L4 na L5 ni pingili ya nne na ya tano za kiuno. Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi uliojumlisha picha za watu 3,110 ambao mgongo hauwaumi kabisa. Kati ya wenye miaka 40, takriban 68 katika kila 100 walikuwa na diski zilizochakaa, na 50 walikuwa na diski zilizotuna. Hawakuwa wagonjwa. Kwa hiyo maneno yaliyoandikwa kwenye karatasi yako yanaeleza mgongo wa mtu wa umri wako, kama mvi zinavyoeleza kichwa chake. Huenda diski hiyo inachangia maumivu na huenda haichangii. Picha peke yake haiwezi kusema.

Upasuaji una mahali pake. Ni pale diski inapobana mzizi wa neva: maumivu ya mguu yanazidi ya kiuno, yanapita goti hadi unyayoni, na wiki 6 hadi 12 za matibabu hazijaleta nafuu, au mguu unaanza kupoteza nguvu. Wewe huna hayo. Kwa kiuno kinachouma bila neva kubanwa, Norway na Uingereza walikwishalinganisha kufunga pingili kwa skrubu na programu nzito ya mazoezi na mafunzo. Tofauti ya matokeo ilikuwa ndogo au haikuwapo, na waliofanyiwa upasuaji walibeba hatari zake. Kabla ya kusaini, muulize daktari wako swali moja: "Skrubu hizi zinatibu nini hasa kwangu, neva au uchakavu?" Akijibu uchakavu, omba maoni ya daktari wa pili.

Kuna hali moja isiyosubiri maoni ya mtu. Ukipata ganzi sehemu inayokalia tandiko la baiskeli, mkojo ukagoma au ukatoka bila habari, choo kikubwa kikashindikana kuzuilika, au miguu yote miwili ikalegea, nenda hospitali ya rufaa saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Sasa, kama hakuna kilichovunjika, mbona panauma miaka mitatu? Misuli inayoshikilia kiuno imepungua ustahimilivu, na neva zimekuwa kama king'ora cha gari kinacholia paka akipita. Mlio ni wa kweli, ila mwizi hayupo. King'ora hicho hakizimwi kwa kulala. Kinarekebishwa kwa kuupa mgongo mzigo mdogo unaoongezeka taratibu, kila siku, mpaka uache kushtuka.

Anza na kutembea, na tembea kwa saa, si kwa maumivu. Siku mbili mfululizo tembea mwendo wako wa kawaida na uangalie ni dakika ngapi zinapita kabla maumivu hayajapanda. Tuseme ni 10. Dozi yako ya kuanzia ni 8, mara mbili kwa siku. Baada ya kila siku tatu ongeza dakika moja, hadi ufike dakika 30 kwa mkupuo, siku tano kwa wiki. Wengi wanaharibikia hapa: siku njema mtu anatembea saa nzima kwa furaha, kesho yake analala kutwa, keshokutwa anatangaza kuwa kutembea hakumfai. Siku njema usizidishe. Siku mbaya punguza, usiache. Jaribio la Australia lililochapishwa mwaka 2024 liliwafuatilia watu 701 waliokuwa wametoka tu kupona maumivu ya kiuno. Waliopewa mpango wa kutembea pamoja na ushauri, nusu yao walikaa siku 208 au zaidi kabla maumivu kurudi. Kwa wasiopewa, siku hizo zilikuwa 112.

Pamoja na kutembea, fanya mazoezi matatu haya kwenye mkeka. Usiyafanye unapoamka tu. Usiku diski hunywa maji na kuvimba kidogo, ndiyo maana asubuhi kiuno ni kigumu. Acha ipite kama saa moja ukiwa wima.

La kwanza, kunyanyua kichwa. Lala chali, goti moja limekunjwa, mguu wa pili umenyooka. Viganja viweke chini ya uwazi wa kiuno ili uwazi huo usibonyee. Nyanyua kichwa na mabega kidogo sana, sentimita mbili au tatu, shikilia sekunde 10 huku unapumua, shusha. Kosa la kawaida ni kuvuta kidevu kifuani na kujikunja kama unaamka kitandani; hapo unaikamua diski badala ya kuimarisha tumbo.

La pili, kuegemea ubavu. Lala ubavu, magoti yamekunjwa, kiwiko kiwe chini ya bega kabisa. Nyanyua nyonga mpaka bega, nyonga na goti viwe mstari mmoja. Sekunde 10, kisha upande wa pili. Bega likiuma, kiwiko chako kimekwenda mbali. Nyonga zikirudi nyuma, umechoka, pumzika.

La tatu, mkono na mguu. Piga magoti na viganja chini kama mtu anayepiga deki. Nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, kisigino kisipande juu ya usawa wa tako. Sekunde 10, rudisha, badilisha. Mwambie mtu akuwekee kikombe cha plastiki chenye maji nusu juu ya kiuno. Maji yakimwagika, unajipinda, na faida yote inamwagika nayo.

Idadi: kila zoezi mara 6, pumzika nusu dakika, mara 4, pumzika, mara 2. Ukichoka mapema anza na 4, 3, 2. Usiongeze sekunde zaidi ya 10, ongeza idadi. Yote yanachukua kama robo saa.

Utajuaje kama dozi imezidi? Yape maumivu namba, 0 hadi 10, kabla ya zoezi. Yakipanda namba mbili na kushuka ndani ya saa chache, endelea. Yakibaki juu mpaka asubuhi ya pili, kata theluthi moja ya idadi na dakika, kisha panda tena polepole. Kuuma kidogo wakati wa mazoezi hakumaanishi kitu kinachanika.

Upande wa gari: pochi itoke mfuko wa nyuma, inainamisha nyonga upande mmoja kwa saa nane. Egemeo la kiti lilale nyuma kidogo tu, magoti yawe karibu usawa na nyonga, na kanga au taulo iliyoviringishwa unene wa ngumi ikae usawa wa mkanda wa suruali, si juu ya hapo. Kila saa mbili shuka utembee dakika tano. Na hili madereva wengi hawalijui: ukifika, usikimbilie kushusha mzigo. Baada ya kukaa muda mrefu kano za mgongo zimelegea na diski imesukumwa nyuma. Dakika kumi za kwanza ndizo mbaya kuliko zote za kuinama na kunyanyua. Tembea kwanza, kagua matairi.

Ukianza kuinua, jifunze kuinamia nyonga. Chukua ufito, uuweke mgongoni uguse sehemu tatu: kisogo, kati ya mabega, na mfupa wa mwisho wa mgongo. Inama ukisukuma makalio nyuma. Ufito ukiacha kugusa hata sehemu moja, umekunja uti. Rudia mara kumi kila siku bila mzigo mpaka mwili uzoee, kisha ndipo gunia.

Wiki sita za mwanzo usihesabu maumivu, hesabu kazi: unaweza kuendesha saa ngapi, unaweza kufunga turubai peke yako? Kwa kawaida kazi hurudi kwanza, maumivu hufuata nyuma. Mpe mgongo wiki 12 kamili, na ukipata mtaalamu wa fiziotherapia karibu, aone unavyofanya mazoezi angalau mara mbili tatu za mwanzo. Kuna kosa mtu halioni mwenyewe.

Shikamoo daktari. Nilijifungua kwa upasuaji miaka miwili iliyopita, nikachomwa sindano ya mgongo. Tangu hapo kiuno hakijawahi kupona, na pale palipochomwa nikipabonyeza panauma. Wenzangu wote wanasema ni sindano. Nina mimba ya miezi minne, nataka kukataa sindano safari hii. Naruhusiwa?
*Mama wa mmoja, Tanga*

Marahaba, dada, na hongera. Kukataa ni haki yako, lakini tusikilize kabla hujaamua.

Sindano ile ya ganzi ni nyembamba kuliko inayotumika kutoa damu. Inaweza kuacha maumivu ya mahali ilipoingia kwa siku kadhaa, na mara chache maumivu makali ya kichwa wiki ya kwanza. Wanawake waliochomwa na wasiochomwa wamelinganishwa mara nyingi, na kiuno sugu hakijaonekana kuwapata zaidi waliochomwa. Waliojifungua kwa njia ya kawaida, bila sindano yoyote, nao wanaumwa kiuno tele. Kinachowaunganisha ni mimba yenyewe: tumbo lililovutika, kano za nyonga zilizolegea, kisha mtoto wa kilo tatu anayekuwa wa kilo kumi huku akibebwa kiuno kilekile kila siku. Sindano inalaumiwa kwa sababu ndiyo tunayoikumbuka. Mbadala wake ni kulazwa usingizi kabisa, ambako kwa mjamzito kuna hatari kubwa zaidi ya koo na mapafu.

Kwa mimba hii, acha zoezi la kunyanyua kichwa tulilomwelekeza dereva. Fanya lile la mkono na mguu, ukinyoosha mguu tu kama mkono unakupotezea mizani, na la ubavu kwa sekunde 5. Lala ubavu na mto kati ya magoti. Beseni la nguo lipandishwe juu ya stuli au ukingo wa karo, lifike usawa wa nyonga. Kufua umeinama nusu saa ni kazi kubwa kwa kiuno kuliko ndoo ya maji. Na ndoo yenyewe, lita 20 ni kilo 20 mkono mmoja. Gawa mbili za lita 10, kulia na kushoto. Mtoto mkubwa mbebe mgongoni kwa kanga badala ya ubavuni, au apande mwenyewe kwenye kiti kabla hujamchukua.

Ukiona damu, maji kutoka, au kiuno kinakuja na kuondoka kwa mpangilio kama mawimbi, usifanye mazoezi. Nenda kliniki siku hiyo.

Nina miaka 63, mkulima. Natumia losartani na dawa ya kukojosha kwa ajili ya presha. Kwa kiuno, diklofenaki ya duka la dawa kila siku, mwezi wa tano huu. Karibuni nimepata unga wa mitishamba sokoni. Nikiunywa, ndani ya saa moja maumivu hakuna. Tatizo uso umejaa na nimenenepa tumboni. Niendelee na upi?
*Mzee wa jembe, Njombe*

Shikamoo mzee. Diklofenaki tunaomba uiache leo. Unga, nao tutaueleza, usiutupe wala usiukate ghafla.

Diklofenaki, losartani na dawa ya kukojosha zikikutana, figo ndizo zinazolipa. Losartani inalegeza mshipa unaotoa damu kwenye chujio la figo, diklofenaki inabana ule unaoingiza, dawa ya kukojosha inapunguza maji mwilini. Chujio linakosa msukumo. Hutasikia maumivu yoyote. Zaidi ya hapo diklofenaki yenyewe inapandisha presha na kutoboa tumbo kimyakimya. Usiache za presha. Kinachotoka ni diklofenaki. Wiki hii pima kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo), presha, sukari na wingi wa damu.

Kuhusu unga: mti wa kawaida hauondoi maumivu ya miaka ndani ya saa moja. Unga unaofanya hivyo, kisha uso ukaviringika na tumbo likanona, tunaushuku umechanganywa na steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, kama prednisoloni au deksamethasoni. Ukizinywa kwa wiki nyingi, tezi za mwili zinaacha kutengeneza steroidi za asili. Ukikata ghafla, presha inaweza kuporomoka ukaanguka. Beba unga huo na karatasi yake hospitali, sema umeunywa kwa muda gani, na daktari atakupunguzia kwa hatua. Wakati huohuo mifupa inalika, kwa hiyo maumivu mapya makali ya ghafla mgongoni yapigiwe eksirei.

Badala yake: chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye taulo, dakika 15 hadi 20, kabla ya mazoezi na kabla ya kulala. Parasetamoli ni salama zaidi kwa figo zako, ila tusikudanganye, kwa kiuno sugu inasaidia kidogo. Kijana asiye na presha, vidonda vya tumbo wala figo anaweza kutumia ibuprofeni miligramu 400 baada ya kula, mara tatu kwa siku, siku tano hadi saba kiuno kinapochachamaa, basi. Si kwako.

Na jembe: mpini mfupi ndio unaokukunja. Weka mpini unaofika karibu na kifua ukisimama, uubadilishie mikono, na kila dakika 20 acha kulima ufanye kazi ya kusimama, kama kufunga mahindi au kukagua mipaka. Shamba litaisha kesho.

Maswali mafupi

*Nilale sakafuni au godoro gumu?* Hapana. Huko Hispania watu 313 wenye kiuno sugu walipewa godoro gumu au la ugumu wa kati, na matokeo yakachapishwa mwaka 2003: wa ugumu wa kati ndio waliopata nafuu zaidi. Godoro la sponji lililobonyea katikati linauumiza mgongo. Ligeuze, au weka ubao chini yake huku ukitafuta jingine.

*Mkanda wa mgongo?* Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu kiuno sugu, halishauri mikanda, wala kuvutwa mgongo kwa mashine, wala dawa za jamii ya tramadoli. Linakubali mazoezi, mafunzo, kuchuliwa, na tiba ya kurekebisha fikra na hofu. Fedha ya mkanda ikanunue viatu vya kutembelea.

*Sindano za vitamini B kila wiki?* Kama damu yako imepimwa na B12 ni pungufu, ndiyo. Vinginevyo unalipia mkojo wa rangi nzuri.

*Figo zangu zinauma, napapasa hapa kiunoni.* Ugonjwa mwingi wa figo hauumi kabisa. Jiwe huuma kwa vipindi vikali kutoka ubavuni kwenda kinenani na mtu hatulii. Maambukizi huja na homa na mkojo unaochoma. Maumivu yanayobadilika ukiinama au ukikaa ni ya mgongo.

Baba yangu ni mfugaji, miaka 58. Mgongo unamuuma miezi minne, usiku ndiyo zaidi, hata akilala hakuna nafuu. Jioni anapata homa, anatoka jasho, suruali zinamlegea. Kuna mchuaji anamkandamiza mgongo kila Ijumaa. Mazoezi gani yatamfaa?
*Mtoto wa mfugaji, Kiteto*

Hakuna zoezi kwa sasa, na mchuaji asimguse. Huo si mgongo tuliokuwa tunauzungumza huko juu. Homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, na maumivu yasiyojali kulala vinatupeleka kwenye magonjwa mawili yanayojulikana vizuri kwenye nyumba za mifugo: kifua kikuu cha uti wa mgongo, na brusela, homa inayotoka kwenye maziwa mabichi na kuzalisha mifugo kwa mikono mitupu. Saratani nayo haijaondolewa. Kifua kikuu kinakula pingili kutoka mbele. Mtu akiukandamiza mgongo huo kwa nguvu, pingili iliyoliwa inaweza kuporomoka juu ya uti na miguu ikapooza.

Mpeleke hospitali ya wilaya wiki hii, akiwa amekaa vizuri garini na si nyuma ya bodaboda. Pitisha mkono katikati ya mgongo wake kabla ya kuondoka: ukikuta nundu ndogo iliyochongoka, mwambie daktari. Sema wazi kwamba anakunywa maziwa mabichi na kama kuna mtu nyumbani anayekohoa muda mrefu. Vipimo vya kuulizia ni eksirei ya kifua na ya mgongo, wingi wa damu na ESR (kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe au maambukizi mwilini), kipimo cha brusela, makohozi kama anakohoa, na VVU. Kifua kikuu kinaweza kuwepo kwenye mgongo huku kifua ni safi, kwa hiyo eksirei ya kifua ikiwa nzuri msirudi nyumbani kwa furaha.

Dawa za kifua kikuu hutolewa bure, na kwa uti wa mgongo huendelea miezi mingi, mara nyingi hadi 12. Brusela iliyofika mgongoni hutibiwa kwa dawa mbili au zaidi kwa angalau miezi mitatu. Wengi wanaacha wiki ya tatu homa ikikata, nayo inarudi. Miguu ikianza kulegea au kupiga ganzi njiani, msisubiri wilaya, endeni rufaa. Na maziwa ya nyumba nzima yachemshwe kuanzia leo, hata kabla majibu hayajatoka.